Uzito wa Pikipiki: Mikono ya Mnunuzi Hupima Nini?

Mtu anayekwenda dukani kununua pikipiki huuliza bei, huuliza ukubwa wa injini, huuliza lita moja ya petroli itamfikisha wapi. Uzito huuulizia mara chache. Hata hivyo, kabla ya kutoa fedha zake, karibu kila mnunuzi hufanya jambo moja: huishika pikipiki usukani, huitoa kwenye stendi, huisukuma mbele na nyuma hatua mbili tatu, huiinamisha kidogo upande huu na upande ule, kisha hutoa hukumu: "Hii nyepesi," au "Hii itanielemea." Mara nyingi hukumu hiyo ndiyo inayoamua atanunua ipi. La ajabu ni kwamba pikipiki mbili zenye kilo sawa kwenye mizani zaweza kupewa hukumu tofauti, na pengine ile yenye kilo nyingi zaidi ndiyo ikasifiwa kwa wepesi.

Katika makala haya tutachunguza mikono ya mnunuzi hupima kitu gani hasa. Tutaona pia kwamba kipimo hicho, ingawa si cha uongo, hakimwelezi jambo ambalo maisha yake na ya abiria wake yatalitegemea, yaani pikipiki ile itakuwaje siku itakapopakiwa.

Kitovu cha uzito na kimo chake

Mwanafunzi wa fizikia anajua tofauti kati ya tungamo na uzito. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, nalo hupimwa kwa kilogramu. Uzito ni kani ambayo dunia hukivuta kitu hicho, nayo hupimwa kwa Niutoni. Kila kilo moja huvutwa kwa kani ya Niutoni 9.8. Pikipiki ya kilo 110, ambayo haiko mbali na nyingi zinazofanya kazi ya bodaboda katika Afrika Mashariki, huvutwa basi kwa Niutoni 1,078.

Lakini mnunuzi dukani haibebi pikipiki. Ardhi ndiyo inayoibeba. Ikisimama wima kabisa, mstari wa uzito wake hupita katika matairi yenyewe, na kidole kimoja chatosha kuizuia isianguke, iwe ya kilo 110 au ya kilo 300. Mkono huanza kuhisi uzito pale pikipiki inapoinama, maana hapo kitovu cha uzito hutoka juu ya matairi na kutokeza momenti ya kuiangusha. Momenti hiyo ni zao la vitu vitatu: uzito, kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, na saini ya pembe ya kuinama.

Tuchukue pikipiki yetu ya kilo 110, na tuseme kitovu chake cha uzito kiko sentimita 50 juu ya ardhi. Ikiinama kwa digrii 10, momenti ni 1,078 × 0.5 × 0.174, yaani karibu Niutoni-meta 94. Mikono ikiwa imeshika usukani ulio meta moja kutoka ardhini, itahitaji kani ya Niutoni 94, karibu sawa na kubeba debe lenye maji ya lita tisa na nusu. Hilo si tatizo kwa mtu mzima. Sasa tuchukue pikipiki kubwa ya safari, ya kilo 250, yenye kitovu cha sentimita 55. Kwa pembe ileile kani inayohitajika ni karibu Niutoni 234, nayo bado yawezekana. Lakini pembe ikifika digrii 30, pikipiki ndogo itadai Niutoni 270, na kubwa itadai 674, ambazo ni sawa na kuinua kilo 69 kwa mikono, ukiwa umeegemea upande, mguu mmoja pengine ukiteleza kwenye kokoto. Hapo ndipo wengi huiachia ianguke, na kwa kweli ni busara kuiachia kuliko kuvunja mgongo.

Hesabu hiyo yafafanua kwa nini waendeshaji wa pikipiki nzito husema kwamba mashine yao ni tulivu kabisa mpaka ghafla inapowashinda. Uzito haukubadilika, iliyobadilika ni pembe.

Yafafanua pia lile jambo la ajabu tulilolitaja. Pikipiki ya kilo 140 yenye kitovu cha sentimita 45 hutoa zao la 140 × 0.45, yaani 63. Pikipiki ya kilo 120 yenye kitovu cha sentimita 60 hutoa 72. Kwa hiyo ile yenye kilo 20 zaidi ndiyo nyepesi mikononi. Urefu wa kiti nao huingia hapa kwa mlango wa nyuma. Mtu mfupi asiyeweza kukanyaga chini vizuri hana budi kuiacha pikipiki iiname digrii kadhaa zaidi kabla mguu wake haujapata ardhi, na kila digrii ina bei yake. Mwanamke au mwanamume mwenye kimo kidogo anapoambiwa kwamba pikipiki fulani "ni nzito kwake", mara nyingi ukweli ni kwamba kiti ndicho kirefu. Hata petroli ina sehemu yake: lita moja ina tungamo la karibu kilo 0.74, na tangi la lita 20 likijazwa huongeza kilo 15 mahali pabaya kuliko pote, yaani juu.

Njia mbili za watengenezaji

Historia yatupa mifano miwili inayofaa kulinganishwa, nayo yote yatoka kwa mtengenezaji mmoja wa Japani. Mwaka 1958 kampuni ya Honda ilitoa Super Cub, pikipiki ya injini ya sentimita za ujazo 49 iliyokuwa na kilo 55 tu bila petroli. Takeo Fujisawa, mshirika wa Soichiro Honda katika biashara, alitaka chombo ambacho kijana wa kupeleka tambi za soba majumbani angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umebeba sinia. Basi ikawekwa klachi inayojiendesha yenyewe, injini ikalazwa chini, na kinga ya miguu ikafanywa kwa plastiki badala ya bati. Watu ambao hawakuwahi kudhani kwamba pikipiki ni chombo chao waliipanda. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100 za ukoo huo.

Mwaka 1975 kampuni hiyohiyo iliuza Gold Wing, iliyokuwa na zaidi ya kilo 260, kwa ajili hasa ya barabara ndefu za Marekani. Wahandisi hawakujaribu kuuficha uzito, waliushusha. Silinda zake nne zililazwa ubavuni, mbili huku na mbili huku, na tangi la petroli likawekwa chini ya kiti badala ya mbele ya magoti. Ikiwa barabarani, mashine hiyo iliwapendeza wasafiri kwa utulivu wake. Lakini kadiri miaka ilivyopita iliongezewa vitu hivi na vile, hata ile ya mwaka 1988 ikawekewa mota ya umeme ya kuirudisha nyuma, kwa kuwa miguu ya mwenyewe haikuweza tena kuitoa mahali ilipoegeshwa. Nadhani hiyo ni ishara ya wazi kwamba uzito umevuka mpaka. Katika toleo la mwaka 2018 watengenezaji wenyewe waliipunguza kwa zaidi ya kilo 30.

Pikipiki ikiwa mwendoni

Kwa nini basi mtu apende pikipiki nzito? Kwa sababu ikishaanza kwenda, haiangushwi kwa urahisi, na sasa tungamo humfanyia kazi mwendeshaji. Lori likipita kwa kasi na kuipiga pikipiki kwa upepo wa ubavuni, tuseme kwa kani ya Niutoni 200, mpanda pikipiki mwenye jumla ya kilo 175 atasukumwa kwa mchapuko wa karibu meta 1.1 kwa sekunde kwa sekunde. Mwenye jumla ya kilo 400 atasukumwa kwa 0.5 tu. Katika barabara kuu tofauti hiyo huhisiwa mabegani baada ya saa moja.

Mlimani mambo hugeuka. Kupanda mteremko wa asilimia 10 kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, pikipiki ndogo na dereva wake, jumla kilo 175, huhitaji karibu kilowati 1.9 kwa kupanda peke yake, mbali na kushindana na hewa. Injini ya kilowati 6 hufanya hivyo bila kulalamika. Waongeze abiria wawili, ule mtindo ambao Watanzania huuita mshikaki, jumla iwe kilo 305, na mahitaji hupanda hadi kilowati 3.3. Dereva hurudisha gia, injini hupiga kelele, na lori lililo nyuma hukaribia.

Kuhusu breki kuna dhana inayofaa kusahihishwa. Wengi huamini kwamba kitu kizito lazima kichukue umbali mrefu zaidi kusimama. Mradi matairi ndiyo yanayoweka kikomo, sivyo ilivyo: msuguano huongezeka sambamba na uzito, na tungamo hufutika katika mlinganyo. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa na kizio cha msuguano cha 0.7, umbali wa kusimama ni karibu meta 20 kwa zote mbili. Lakini kikomo cha pikipiki ndogo iliyopakiwa mara nyingi si tairi, bali breki yenyewe. Nishati mwendo ya kilo 175 kwa mwendo huo ni kilojuli 24. Ya kilo 305 ni kilojuli 42. Nishati hiyo yote haina budi kugeuka joto katika breki zilezile, na dereva haina budi aikamue mkono na kuikanyaga kwa nguvu ambazo breki ya ngoma haikuundwa kuzitoa.

Mzigo hubadili pikipiki

Hapa twafika kwenye kiini cha jambo. Pikipiki ya kilo 250 ikipakia abiria wa kilo 65 huongezewa robo ya tungamo lake. Pikipiki ya kilo 110 ikipakia abiria huyohuyo huongezewa karibu asilimia 60, na abiria wawili ni zaidi ya asilimia 100. Wepesi ulioifanya ipendwe dukani ndio unaoifanya igeuke chombo kingine kabisa ikishapakiwa.

Si kilo peke yake, bali mahali zinapokaa. Tuseme umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni sentimita 125, na kwamba dereva akiwa peke yake gurudumu la mbele hubeba kilo 65 na la nyuma 110. Gurudumu la mbele lina basi asilimia 37 ya jumla. Sasa afunge gunia la mahindi la kilo 100 kwenye keria, kitovu cha gunia kikiwa sentimita 20 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kwa kanuni ya wenzo, gunia hilo huliondolea gurudumu la mbele 100 × 20 ÷ 125, yaani kilo 16, na kuliongezea la nyuma kilo 116. Mbele hubaki kilo 49 katika jumla ya kilo 275: asilimia 18 tu. Usukani huwa mwepesi ajabu, na dereva asiyejua fizikia aweza hata kufurahi. Lakini tairi lisilokandamizwa ardhini halina msuguano wa kuiongoza pikipiki wala wa kuisimamisha. Na akianza kupanda mlima huku akivuta mafuta, gurudumu hilo laweza kuinuka.

Sheria za Tanzania na Kenya huruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki. Wako wanaoiona kuwa sheria ya kuwabana maskini. Mwenye kuifanya hesabu iliyo hapo juu ataona kwamba imejengwa juu ya kanuni ya wenzo.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kulifanya jaribio hili kwa pikipiki yoyote ndogo, injini ikiwa imezimwa na wanafunzi wawili wenye nguvu wakiishika wima pande zote mbili. Panahitajika mizani ya kupimia watu, na ubao wenye unene sawa na mizani hiyo. Wekeni gurudumu la mbele juu ya mizani na la nyuma juu ya ubao, someni. Badilisheni, someni tena. Jumla ya vipimo viwili ni tungamo la pikipiki. Zidisheni umbali kati ya ekseli kwa kipimo cha nyuma, gawanyeni kwa jumla, nanyi mtapata kitovu cha uzito kiko umbali gani nyuma ya ekseli ya mbele. Kisha mwanafunzi mmoja akae mahali pa dereva, mwingine mahali pa abiria, mkirudia vipimo kila mara. Angalieni tu kwamba gurudumu la nyuma lililopakiwa halizidi uwezo wa mizani, la sivyo mtailipia.

Maswali

1. Kokotoa kani ya kuizuia pikipiki ya kilo 125 yenye kitovu cha sentimita 48, ikiwa imeinama digrii 15 na usukani uko meta moja kutoka ardhini.

2. Katika mfano wa gunia la mahindi, mzigo huohuo ukisogezwa mbele mpaka kitovu chake kiwe juu ya ekseli ya nyuma hasa, gurudumu la mbele litabeba asilimia ngapi ya jumla?

3. Pikipiki ya umeme hubeba betri badala ya petroli. Petroli hupungua njiani; betri haipungui uzito hata chaji ikiisha. Eleza ungeiweka betri ya kilo 25 sehemu gani ya pikipiki, na kwa nini.