Picha ya Kamera ya Gari Inapofika kwa Kuchelewa

Gari linalopiga rivasi kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa husogea karibu mita 1.4 kila sekunde. Picha ya kamera ya nyuma ikifika kwenye simu yako sekunde mbili baadaye, gari limeshakula karibu mita tatu ambazo skrini haijakuonyesha. Muuzaji wa kamera hatakwambia hilo. Yeye atakusifia 4K na kukuhesabia chenji.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Mimi hufungua saa inayohesabu hadi sehemu za mia za sekunde kwenye simu moja, nikaiweka mbele ya lenzi. Kando yake naweka simu inayoonyesha video mubashara, halafu namwomba mtu azipige picha zote mbili kwa pamoja. Saa yenyewe ikisoma 12.84 na ile ya kwenye video ikisoma 10.61, picha imechelewa sekunde 2.23. Badilisha kitu kimoja, pima tena, ndipo uende kwa kingine.

Wengi hukimbilia kuilaumu Wi-Fi. Kwa ninavyoona mimi, mla sekunde mkubwa ni programu ya kuonyeshea video. VLC, kwa mfano, kwa kawaida hujiwekea akiba ya milisekunde 1000 ya video ya mtandao kabla ya kuionyesha, kwa hiyo sekunde nzima imekwenda hata kama mawasiliano ni safi. Ingia kwenye mipangilio, tafuta akiba ya mtandao, ishushe hadi 300, kisha 150. Picha ikianza kukatakata, panda kidogo.

Programu iliyokuja na kamera mara nyingi haikupi nafasi ya kufanya hivyo. Itafutie kamera anwani yake ya RTSP, yaani ya mkondo wake wa video mubashara, uifungue kwa programu nyingine. Kamera nyingi zenye chipu ya Novatek hukaa kwenye 192.168.1.254. Kama una kompyuta ndogo garini, programu ya ffplay ni kali zaidi:

ffplay -fflags nobuffer -flags low_delay -framedrop rtsp://anwani-ya-kamera

Ukiongeza -rtsp_transport udp, video inasafiri kwa UDP. Kwa TCP, pakiti moja ikipotea zote za nyuma yake zinasubiri itumwe upya. UDP haisubiri mtu. Picha itachafuka kidogo na safari itaendelea. Kwenye rivasi nachagua picha chafu ya sasa hivi kuliko safi ya zamani.

Kisha punguza mzigo. Kamera ikiwa na mkondo mdogo wa video, wa 720p au chini yake, utumie huo kutazamia na uache ule mkubwa uende kwenye kadi ya kumbukumbu. Ukikuta mpangilio wa fremu za B, zizime, maana enkoda hulazimika kuisubiri fremu ya mbele ndipo iitengeneze ya nyuma. Wi-Fi nayo ihamishie 5 GHz kama kamera inakubali. Mjini 2.4 GHz imejaa ruta za kila duka, na Bluetooth ya redio yako imo humo humo.

Tajiri anayetaka kuliona lori lake lililoko njiani akiwa ofisini ana shida ya aina nyingine. Huduma nyingi za kutazama kupitia intaneti hutumia HLS, inayokata video vipande vipande. Kipande kikiwa cha sekunde 6, na programu ikianza vipande vitatu nyuma, hizo ni sekunde 18 hata laini yako ya 4G iwe nzuri namna gani. Dawa yake ni WebRTC, inayoweza kushuka chini ya sekunde moja. MediaMTX, programu ya bure, hupokea RTSP na kuitoa kwa WebRTC. Kwa kufuatilia mzigo tu, sekunde 18 hazimdhuru mtu, usijitese.

Ila kama unachotaka hasa ni kurudisha Canter kwenye uchochoro wenye watu, nunua kamera ya analogi ya waya na skrini yake. Video yake haibanwi wala haipiti Wi-Fi, kwa hiyo kuchelewa kwake ni kudogo mno. Na utingo ashuke vilevile, asimame nyuma akuelekeze.