Mlenge Jicho: Somo la Kumpiga Paka Picha Nje ya Nyumba

Huenda mkacheka mkiona gazeti la Chama cha Kiswahili linaandika habari za paka na kamera. Chekeni tu. Hata mimi nilicheka mjomba aliponiambia kuwa kumpiga paka picha ni kazi ngumu kuliko kumpiga bwana arusi. Nilikoma kucheka likizo ya Aprili.

Nyanya yangu, anayeishi viungani mwa mji wa Nakuru, alikuwa na paka mweusi tititi kwa jina Soksi. Jina hilo alilipata kwa sababu mguu wake mmoja wa mbele ulikuwa mweupe pe, utadhani amevaa soksi moja akaisahau ya pili. Basi likizo hiyo Soksi akatoweka. Siku ya kwanza tulidhani ametembea tu. Siku ya tatu nyanya akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe si humpiga picha kila ukija? Zitoe tuwaonyeshe majirani."

Nilikuwa nazo 42 kwenye simu ya mama. Nilizipitia zote usiku ule na jasho likanitoka. Katika nyingine seng'enge ilionekana vizuri, kila mwiba ukihesabika, na nyuma yake doa jeusi. Nyingine zilikuwa mgongo mtupu, maana nilimpiga nikiwa nimesimama wima. Na zile chache zilizokuwa na afadhali, ule mguu mweupe ulikuwa umekatwa na ukingo wa picha au umezama kwenye nyasi. Jirani mmoja aliitazama iliyo bora kuliko zote akauliza, tena bila ubaya wowote, "Huyu ni paka ama ni mfuko wa makaa?" Soksi hajarudi mpaka leo. Wahenga walinena kwamba paka akiondoka panya hutawala, na ghala la mahindi la nyanya ni shahidi.

Likizo ya Agosti mjomba, ambaye kazi yake ni kupiga picha za arusi, alikuja na kamera yake akanikalisha chini. Wa kujifunzia alikuwa mtoto wa Soksi, mweusi kama mamake ila kidevu ndicho cheupe.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuiachia kamera ichague yenyewe. Kamera haijui kwamba wewe unampenda paka. Ikiachiwa, mara nyingi hushika kitu kilicho karibu nayo zaidi au chenye mistari mikali, kama seng'enge au jani, na paka mweusi asiye na mistari humpita. Siku hizi zipo kamera zinazolitambua jicho la mnyama zenyewe, lakini ya mjomba si mojawapo, na simu ya mama ndiyo kabisa. Kwa hivyo iambie pa kutazama. Kwenye kamera, chagua nukta moja tu ya kulenga, iweke juu ya jicho lililo karibu nawe, bonyeza kitufe nusu, ngoja ishike, kisha malizia. Kwenye simu, liguse jicho kwa kidole. Ukikishikilia kidole hapo kwa muda, simu nyingi hulifunga lengo lisihame. Jicho likiwa wazi, picha itasameheka hata mkia ukiwa na ukungu. Mkia ukiwa wazi na jicho lina ukungu, futa.

Ukaribu nao una hila. Kadiri unavyomkaribia paka, na kadiri tundu la lenzi linavyokuwa pana, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyokuwa nyembamba. Nilimpiga kutoka hatua moja, tundu likiwa f/1.8, pua ikatoka wazi na macho yakawa kama maziwa. Mjomba akasema, "Rudi nyuma kidogo, mpwa wangu, na ufunge tundu hadi f/5.6." Nikafanya hivyo, uso wote ukaonekana.

Halafu kuna kasi. Paka aliyelala, 1/125 ya sekunde yatosha ikiwa mkono wako haukutetemeka. Anayetembea, 1/500. Anayeruka ukuta au kumwinda panzi, 1/1000 au zaidi, na upige mfululizo badala ya moja moja. Huo mfululizo si jambo la juzi: mwaka 1894 mwanasayansi Mfaransa Étienne-Jules Marey alionyesha picha za paka akianguka, moja baada ya nyingine, watu wakaona jinsi anavyojigeuza hewani mpaka akatua kwa miguu. Kwenye simu, kasi mara nyingi huamuliwa na simu yenyewe, kwa hivyo dawa yako ni mwangaza mwingi. (Na uipanguse lenzi kwanza, jamani! Simu zetu zinakaa jikoni.)

Mwangaza, lakini si ule wa saa sita mchana. Huku kwetu karibu na ikweta jua la wakati huo liko utosini, na mboni za paka hubana zikawa vistari viwili. Nilipata picha nzuri kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na tena baada ya saa kumi jioni. Ukilazimika kupiga mchana, mngoje kivulini, chini ya paa la jikoni kwa mfano, mboni zifunguke.

Hapa wenye paka weusi wategeeni sikio. Kamera hupima mwangaza kana kwamba dunia yote ni ya kijivu. Paka mweusi akiijaza picha, kamera hudhani pana giza, ikaongeza mwangaza, manyoya yakawa kama majivu na kidevu cheupe kikaungua. Punguza kipimo kwa -1. Kwenye simu nyingi, ukishagusa jicho, hutokea alama ya jua, ivute chini. Paka mweupe ni kinyume chake.

Sasa mpangilio. Lala chini. Ndiyo, kwa tumbo, kamera iwe usawa wa macho yake. Nyanya aliponiona hivyo alidhani nimeanguka. Kabla ya kubonyeza, zungusha macho kwenye kingo nne za picha: masikio yamo? Miguu yote? Mkia? Kisha tazama nyuma yake. Mara mbili kamba ya nguo ilipita kichwani mwake kama pembe, na hatua mbili tu za kando zikaiondoa. Akitazama kulia, acha nafasi kulia. Mjomba pia hugawa picha mafungu matatu na kumweka paka penye mstari, lakini mimi naona paka hangoji hesabu. Kingo na nyuma vyanitosha.

Usimkimbize. Nilishinda siku nzima nikimfuata nikaambulia mikia. Kesho yake nilichunguza ratiba yake: akishakunywa maziwa hupanda juu ya ukuta wa tangi. Nikamtangulia pale, ndugu yangu akatikisa kiberiti nyuma yangu, masikio yakasimama. Masikio yakilala na mkia ukipigapiga, mwache, amechoka nawe.

Nyanya nilimsafishia picha moja mjini. Aliisogeza karibu na dirisha, akakigusa kile kidevu cheupe, akasema, "Huyu hata wa mbali atamjua." Kisha akaiweka ndani ya Biblia yake.

Nakala ya pili imebandikwa ubaoni nje ya chumba cha Chama. Ukiitazama, angalia sikio la kushoto: lina ukungu kidogo. Nilikuwa karibu mno.