Rimoti Apewe Mgonjwa: Kijitabu cha Wanaouguza Nyumbani, Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Mgonjwa anayetoka Ukerewe, Sengerema au Geita kuja kutibiwa Bugando halali hospitalini siku zote za matibabu. Mara nyingi hufikia kwa ndugu: Nyakato, Igoma, Buhongwa, au Mabatini kwenye nyumba zilizopanda juu ya mawe. Vyumba ni vichache, hivyo hutandikiwa godoro sebuleni, na sebuleni ndiko iliko televisheni. Kuanzia hapo anaishi ndani ya vipindi ambavyo hakuvichagua. Asubuhi watoto wamefungulia katuni, jioni dada anafuatilia tamthilia yake, usiku shemeji na wenzake wanatazama mpira hadi saa sita. Mgeni hana la kusema. Ameshapewa godoro, uji na mtu wa kumsindikiza kliniki. Kuomba sauti ipunguzwe anaona ni kukosa adabu. Ukimuuliza atakujibu, "Hainisumbui mwanangu, endeleeni tu."

Tunakuomba usiridhike na jibu hilo. Kinachoonekana na kusikika pale alipolala mgonjwa ni sehemu ya kumuuguza. Kipindi kitulivu kinaweza kumsogezea saa ndefu za mchana, kumsahaulisha maumivu kidogo na kumpa la kuzungumza zaidi ya ugonjwa wake. Kipindi kibaya kinaweza kumpandisha mapigo ya moyo, kumnyima usingizi au kumtia hofu asiyoweza kuieleza. Kwa hiyo rimoti apewe yeye. Kama mkono hauna nguvu, aulizwe kila siku upya, kwa maana alichokipenda jana leo huenda kinamchosha.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Swali "Hii inakusumbua?" litajibiwa "hapana" na kila mtu mwenye heshima zake. Jaribu hivi: "Shikamoo baba mkubwa. Leo tuwashe au tupumzike? Tuweke kwaya au tuweke wanyama?" Mtu aliyepewa vitu viwili achague kimoja haoni kama analalamika. Na akisema "zimeni", zimeni kweli, hata kama ni sehemu ya mwisho ya tamthilia iliyosubiriwa wiki nzima. Anayeitaka sana aifuate kwa jirani.

Kinachotokea mgonjwa anapotazama

Akili haiwezi kuyapa mambo mawili umakini wote kwa wakati mmoja. Picha inayovuta macho hupunguza umakini unaokwenda kwenye maumivu, na maumivu hayohayo huhisiwa kidogo zaidi. Mwaka 2006 madaktari wa Siena, Italia, walichapisha utafiti uliohusu watoto 69 wa miaka 7 hadi 12 waliokuwa wakitolewa damu. Waliotazama katuni walisema wameumia kidogo kuliko wale ambao mama zao walijitahidi kuwasemesha na kuwaliwaza. Hiyo si sababu ya mama kuondoka. Abaki palepale, amshike mwanawe mkono, aiache katuni ifanye kazi yake. Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na mtoto wa selimundu anachomwa sindano mara nyingi katika maisha yake. Kwake hili si jambo dogo.

Picha haichukui nafasi ya dawa. Mgonjwa anaweza kucheka huku anaumia. Aliyeandikiwa dawa ya maumivu kila baada ya saa kadhaa apewe kwa saa yake, hata kama mnamwona ametulia mbele ya televisheni. Hasa kama mnamwona ametulia, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi husahau.

Upande wa pili nao umepimwa. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, watafiti wa München, Ujerumani, walikuta kwamba siku timu ya taifa yao ilipocheza, dharura za moyo zilifika mara 2.66 ya siku za kawaida, na waliowahi kuugua moyo ndio waliopata shida zaidi. Hapa kwetu tuna watani wa jadi, Simba na Yanga, na tangu Pamba Jiji irudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25, uwanjani Kirumba nako hakukaliki. Kumnyima mpira mzee aliyeupenda maisha yake yote ni ukatili, lakini mwenye presha ya juu au aliyetoka kupata shambulio la moyo asitazame moja kwa moja mechi inayomkosesha pumzi. Mwambieni matokeo kwanza, kisha atazame marudio. Ataona mabao yote, na moyo hautakuwa na cha kuhofia.

Vipindi vinavyotuliza

Kwanza kabisa, alivyokwisha kuvitazama. Watu wazima wengi huona aibu kurudia kitu kilekile, lakini kwa mgonjwa marudio ni faraja kubwa. Anajua nani atamwoa nani, anajua hakuna atakayekufa ghafla, na akisinzia katikati hapotezi kitu. Mwacheni aitazame filamu ileile mara ya nne.

Wanyama na mandhari huwafaa karibu wote. TBC ilianzisha Tanzania Safari Channel Desemba 2018 kutangaza utalii, na kwa mtu aliyelala chali mchana kutwa ni hazina: mito, ndege, nyumbu wanaotembea bila haraka. Mgonjwa wa Bunda au Magu atatambua nchi yake, maana upande wa magharibi wa Serengeti unashuka hadi karibu na Ghuba ya Speke. Kaeni tu karibu na rimoti, kwa sababu simba akimrarua pundamlia si picha ya mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji jana.

Muziki wa ibada una nguvu ya pekee katika mji huu. Video za kwaya ya AIC Makongoro zimezaliwa hapahapa Mwanza, na wapo wagonjwa waliowahi kuimba kwaya wenyewe, ambao midomo yao hucheza hata sauti ikiwa haitoki. Kwa Waislamu kuna qaswida na visomo vya Kurani. Msiwawekee wagonjwa dini yenu, wawekeeni yao.

Kwa wazee wa Kisukuma, Kikerewe au Kijita ambao Kiswahili cha haraka cha tamthilia huwachosha, ngoma za nyumbani ni bora kuliko chochote. Vipindi vya televisheni vya kila siku huwa kwa Kiswahili, lakini video za ngoma za Kisukuma zinapatikana mtandaoni, na vijana wa maduka ya muvi wanaweza kuziingiza kwenye flashi. Tafuteni bugobogobo, ngoma ya majembe, au mashindano ya makundi ya Bagika na Bagalu ya sikukuu ya Bulabo, ambayo kila Juni hukusanya watu Bujora, Kisesa. Kisha mwulizeni mzee yeye alikuwa upande gani. Mazungumzo hayo yanaweza kumfaa kuliko video yenyewe.

Tamthilia za familia zinafaa pia, mradi ugomvi wake uwe wa jikoni usiofika kwenye mapanga. Wengi bado wanaikumbuka "Doudou na Mama Wakwe Zake", tamthilia ya Kichina iliyoingiziwa sauti za Kiswahili na kuanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2011. Rais Xi Jinping mwenyewe aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Sauti ya Kiswahili ndiyo siri yake. Mgonjwa mwenye homa au macho dhaifu hawezi kusoma maandishi madogo chini ya picha, wala msimlazimishe.

Watoto wana Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa TBC1 Januari 2014, na wadogo zaidi wana Akili and Me. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala hukutana na rafiki zake wanyama. Kwa mtoto anayeogopa kulala wodini hakuna kipindi tunachokipendekeza kwa moyo zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kwa mtoto mgonjwa daktari anaweza kulegeza, lakini kichanga kinahitaji uso wa mama kuliko picha.

Vichekesho ni dawa nzuri isipokuwa kwa mwenye mshono mpya tumboni. Akitaka kucheka, na ana haki ya kucheka, apewe mto aukumbatie na kuubana kwenye kidonda.

Vya kuweka mbali na kitanda

Habari zinazorudiwarudiwa. Kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, picha zilizunguka kwenye televisheni na simu siku nyingi. Mwambao huu una watu waliopoteza ndugu siku ile, na wengine waliopoteza ndugu kwenye MV Bukoba Mei 21, 1996. Mgonjwa kutoka visiwani atakayerudi kwao kwa kivuko hahitaji kuona miili ikiopolewa majini wakati anasubiri majibu ya vipimo. Taarifa ya habari mara moja kwa siku inatosha.

Filamu za uchawi. Hili tunalisema kwa uzito. Mtu aliyeugua muda mrefu huanza kujiuliza nani amemfanyia hivi, na filamu ya saa mbili humpa jibu tayari: bibi kizee jirani. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Sumu hiyo isiingizwe kwenye chumba cha mtu mwenye homa, ambaye usiku anaweza kushindwa kutenganisha ndoto na alichokiona kwenye skrini.

Watangazaji wa tiba za ajabu. Mwaka 2011 vyombo vya habari vilipeperusha habari za kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Masapila wa Samunge, Loliondo, na maelfu ya watu walifunga safari, baadhi wakiwa mahututi, wengine wakiacha dawa zao. Leo matangazo ni madogo na mengi zaidi: chupa ya majani inayoponya kisukari, figo na saratani kwa pamoja. Mgonjwa akiuliza kuhusu tangazo, msimcheke. Andikeni jina la dawa hiyo, mlipeleke kwa daktari siku ya kliniki.

Na mapishi. Anayepata kichefuchefu kwa dawa za saratani, au aliyeambiwa asile kabla ya upasuaji, asiwekewe kipindi cha sato anayekaangwa.

Mwili, macho na hewa

Sauti iwe ya chini kiasi kwamba mgonjwa akiita kwa sauti ya kawaida mtamsikia. Usiku taa ndogo ibaki inawaka, na skrini izimwe walau saa moja kabla ya kulala, kwa kuwa mwanga wake huchelewesha usingizi. Kama mgonjwa ana kifafa, jambo ambalo malaria kali ya ubongo huweza kuliacha nyuma, epukeni picha zinazomweka kwa kasi. Desemba 16, 1997 kule Japani, sehemu moja ya katuni ya Pokémon iliyokuwa na mwanga wa kumwekamweka iliwapeleka hospitali mamia ya watoto.

Rimoti inashikwa na kila mtu na haioshwi na mtu. Zimeni, ifuteni kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, hasa kukiwa na kuhara au mafua nyumbani. Ikiwa mgonjwa ana kifua kikuu na ndiyo kwanza ameanza dawa, sebule isijazwe watazamaji na madirisha yafunguliwe hata kama upepo wa ziwani ni wa baridi.

Televisheni inaweza pia kuwa saa ya ukutani. Wapo wanaomeza dawa zao taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapoanza, na hawajasahau miaka mingi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kitanda: filamu ikiisha, mgeuzeni kabla ya kuweka nyingine. Anayeweza kusimama atembee kidogo hadi mlangoni.

Umeme ukikatika, na mkiwa wodini

Msitegemee king'amuzi peke yake. Kifurushi huisha katikati ya mwezi, LUKU huisha usiku, mvua ikinyesha picha hukatika. Wekeni vipindi anavyovipenda kwenye flashi au kadi ya simu mapema, mkiwa na bando la bei nafuu, na redio ndogo ya betri iwepo. Kwa mwenye kipandauso, au aliyeambiwa asikaze macho baada ya upasuaji wa jicho, redio ndiyo televisheni yake. Radio Free Africa imekuwa ikisikika kutoka Mwanza kwa miaka mingi na wazee wengi wanazijua sauti za watangazaji wake.

Wodini simu itumike na spika za masikioni, kwa maana kitanda cha pili yupo anayetapika au anayeomboleza. Mwulizeni muuguzi kwanza mahali pa kuchajia. Simu isiachwe juu ya kitanda mgonjwa anapopelekwa vipimo. Na ikiwa mgonjwa hana simu kabisa, aliyekwenda kumwona saa ya kutembelea wagonjwa akae naye robo saa watazame kitu kimoja pamoja, badala ya kusimama miguuni pa kitanda akimweleza habari za misiba ya mtaani.