SOMO: MAUTI NDANI YA CHUNGU

Maandiko ya kusoma: 2 Wafalme 4:38-41, 2 Wafalme 20:1-7, Marko 5:25-34



Somo hili tunaliandika na huzuni. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa na kivimbe katika titi. Hakutaka kumwambia mtu. Mwanawe akamwonyesha katika telefone tangazo la dawa ya kansa, lenye picha ya munganga mwenye joho jeupe na maneno ya watu waliosema wamepona. Bei ilikuwa dola 280 kwa makopo matatu. Jamaa haikuwa na pesa hiyo, ikaja kwetu mashemasi. Nasi tukatoa katika sanduku la msaada. Dawa ilipofika tuliweka mikono juu yake tukaiombea. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: ndani ya kopo hili kuna nini?

Alimeza miezi mitano. Kivimbe kikapasuka kikawa kidonda. Alipofikishwa hospitalini, munganga alisema kwamba ugonjwa umekwisha kuingia katika mapafu. Tulimzika kabla mvua haijakoma. Hatusemi kwamba tembe zile zilimuua. Tunasema kwamba zilikula muda wake, na sisi tulizilipa. Kwa sababu hiyo tunaanza kwa kutubu, halafu tutafundisha.

I. MTU ALIYECHUMA ASICHOKIJUA

Tusome habari ya Elisha kule Gilgali. Njaa ilikuwa katika nchi, na wana wa manabii walikuwa wameketi mbele yake. Mmoja akatoka kwenda shambani kutafuta mboga, akaona mmea wa porini wenye matunda, akajaza nguo yake, akarudi akayakatakata ndani ya chungu. Andiko linasema wazi kwamba hawakuyajua. Walipoanza kula wakapiga kelele kwamba mauti imo chunguni.

Tuangalie mambo manne.

Kwanza, mtu yule hakuwa mwovu. Njaa ilimsukuma. Hivyo hivyo mgonjwa anayenunua dawa kwa telefone si mjinga wala si mpagani. Anasukumwa na woga, na umbali, na ukosefu wa pesa. Wazee wetu wanakumbuka wakati ambapo mfanyakazi wa Gécamines alitunzwa hospitalini mwa kampuni pamoja na jamaa yake. Leo wengi hawana kampuni ya kuwatunza, na safari ya kwenda Kolwezi au Lubumbashi ni pesa. Tusimcheke mtu anayetafuta.

Pili, matunda yale yalionekana kama chakula. Dawa ya uongo nayo haiji na sura ya sumu. Inakuja na sanduku zuri, jina la kizungu na tarehe.

Tatu, waliokuwa wanakula walikuwa wana wa manabii. Kukaa karibu na nabii hakukuwazuia kuchuma kitu kibaya. Sisi wa kanisa la kinabii tulishike neno hili vizuri.

Nne, aliyeonja alipiga kelele mara moja. Hakunyamaza kwa aibu. Kelele ile iliwaokoa wengine.

II. MAMBO YALIYOTOKEA KWELI

Mtu asiseme kwamba mashemasi wanatisha watu bure. Haya yalitokea.

Mwaka 2007, watu wa elimu katika chuo kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba kitu kimoja kinachoitwa DCA kilipunguza vivimbe vya kansa katika panya. Panya, si watu. Lakini wagonjwa waliosikia hawakungoja. Walianza kukitafuta katika intaneti na kukinywa nyumbani wenyewe. Basi mtu mmoja wa mji wa Edmonton akafungua duka katika intaneti, akawatumia wagonjwa wa nchi mbalimbali unga mweupe kama ndio DCA. Ulipopimwa, ulikuwa wanga na sukari. Mwaka 2010 mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miezi 33. Wandugu, Elisha alitia unga chunguni na mauti ikaondoka. Mtu huyu aliuza unga ili mauti ikae pale pale.

Mwaka 2012, huko Marekani kwenyewe, Leta ilitangaza kwamba chupa za uongo za Avastin, dawa ya kansa ya bei kali sana, zimefika mikononi mwa waganga wa hospitali. Ndani hamkuwa na dawa. Mwaka 2017, Uganda nayo ilipata Avastin na Sutent za uongo. Ujue kwamba Avastin ya kweli ni maji yanayoingizwa katika mshipa polepole, chini ya macho ya munganga. Mtu akikuuzia Avastin ya kumeza, amekwisha kujifunua mwenyewe.

Na hapa Kongo kwetu? Kuanzia mwisho wa mwaka 2014 mpaka 2015, kule Ituri, watu zaidi ya 400 walifika hospitalini, shingo zao zimepinda, nyuso zimekakamaa, ndimi zinatoka nje. Wengine walifikiri ni uchawi, na waganga walidhani ni ugonjwa wa utando wa ubongo. Mwisho ikajulikana kwamba walimeza tembe zilizoandikwa diazepam, na ndani mlikuwa haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Jina la juu lilikuwa lingine na kitu cha ndani kingine. Ikiwa hayo yalitokea kwa tembe ya bei ndogo, hiyo ya dola mia itakuwaje?

III. HATA DAWA YA KWELI INAUA MKONONI MWA ASIYEJUA

Wengine watasema: sisi tutatafuta dawa ya kweli, si ya uongo. Vizuri, lakini sikilizeni.

Kansa si ugonjwa mmoja. Kansa ya titi, ya mlango wa kizazi, ya ini na ya damu, kila moja ina dawa zake. Hata wamama wawili wenye kansa ya titi hawatibiwi sawa. Tamoksifeni inasaidia titi la mmoja, na kwa mwingine haifanyi kitu, kwa sababu kansa zao hazina asili moja. Huwezi kujua hayo kwa macho. Ni lazima kukata kipande kidogo cha kivimbe na kukipima kwa mashine.

Tena kipimo. Iko dawa inaitwa metotreksati. Mtu mwenye ugonjwa wa viungo anaimeza mara moja tu kwa juma. Wako waliokosea wakaimeza kila siku, wakafa, kwa sababu iliharibu damu yao na kinywa chao kikajaa vidonda. Dawa nyingi za kansa zinaua chembe za kansa, lakini zinapunguza pia askari wa damu wanaolinda mwili. Ndiyo maana hospitalini wanapima damu kabla ya kila mzunguko wa dawa. Anayejitibu nyumbani hapimi. Homa ndogo tu ikimkuta hana askari, inaweza kumwua kwa siku chache.

Na wanaosema kwamba dawa ya majani haina hatari, wajue hili. Vinkristini, dawa ya kansa ya damu kwa watoto, imetoka katika ua dogo la Madagaska ambalo watu wanalipanda mbele ya nyumba. Mungu aliweka dawa katika majani, ndiyo. Lakini vinkristini ile inayoponya ikiingia katika mshipa, ikiingizwa kwa makosa katika uti wa mgongo, inaua. Jani ni la Mungu, na kipimo kinahitaji mtu aliyejifunza.

IV. JE, TUNAKOSA IMANI?

Hapa ndipo neno gumu. Wako watakaosema kwamba shemasi anatuma watu hospitalini kwa sababu ameacha njia ya manabii. Tuwajibu kwa Maandiko.

Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa. Aliomba akalia, na Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi kwa kinywa cha nabii Isaya. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa. Lakini nabii yule yule akaagiza walete andazi la tini waliweke juu ya jipu, naye akapona. Ahadi na dawa vilitoka katika kinywa kimoja.

Yule mama wa Marko 5 alitoa mali yake yote kwa waganga miaka 12 bila kupata nafuu. Bwana hakumkaripia kwamba alikwenda kwa waganga. Alimwita binti. Tena alipowatakasa wenye ukoma kumi aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, maana kazi ya makuhani ilikuwa kukagua. Anayeponywa kweli haogopi kukaguliwa.

Tukumbuke pia historia yetu ya Kongo. Mwaka 1921, mtumishi wa Mungu Simon Kimbangu alipoanza kuombea wagonjwa kule Nkamba, watu waliacha hospitali za misioni wakamkimbilia. Wakubwa wa Wabelgiji walimfunga, akaletwa hapa kwetu Katanga, akakaa gerezani Élisabethville mpaka alipokufa mwaka 1951. Hatuna aibu ya maombi ya uponyaji. Lakini kanisa linaloitwa kwa jina lake lilijenga hospitali yake Kinshasa. Halikuona kwamba kitanda cha hospitali kinapigana na sala.

Tuangalie na Loliondo, Tanzania. Mwaka 2011, mchungaji mzee aliyestaafu, Ambilikile Mwasapila, alisema Mungu amemwonyesha katika ndoto mti wa dawa. Kijijini Samunge alitoa kikombe kimoja kwa shilingi 500, kwa ukimwi, kisukari, kansa na mengine. Magari yalipanga mstari kilomita na kilomita. Wagonjwa walitoka vitandani hospitalini wakaenda, na wengine walikufa njiani wakingoja zamu. Wako walioacha dawa zao za ukimwi baada ya kikombe, ugonjwa ukarudi na nguvu. Mzee hakuomba dola 280, wala hatuhukumu moyo wake, naye alilala mwaka 2021. Lakini tujifunze: ndoto ya mtu mwema haitoshi kumwachisha mgonjwa dawa yake.

V. TUFANYE NINI?

1. Mwenye dalili asinyamaze. Kivimbe katika titi, damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi, kidonda kisichopona, uvimbe wa taya kwa mtoto, kukonda bila sababu. Ajionyeshe kwa nabii na kwa munganga katika juma moja, siyo kwa mmoja halafu kwa mwingine mwaka ujao. Uvimbe wa taya la mtoto, ambao munganga Denis Burkitt aliueleza Uganda mwaka 1958, mara nyingi unapona kama dawa ya kweli inaanza mapema. Na mlango wa kizazi unaweza kukaguliwa kwa siki tu, kabla kansa haijakomaa.

2. Dawa yoyote iliyonunuliwa kwa telefone, sokoni au kwa mpita njia, isimezwe mpaka munganga ameiona. Kama umekwisha kuanza, usitupe kopo. Lilete lilivyo. Hakuna atakayekugombeza.

3. Maji ya baraka yanakunywewa pamoja na dawa ya hospitali, si badala yake. Nabii au mzee akikuambia uache dawa ya munganga, njoo utuambie sisi na mchungaji.

4. Jihadhari na muuzaji mwenye alama hizi: anaahidi kuponya kansa zote, anasema usimwambie munganga, anataka pesa yote itumwe kwanza, hana nyumba unayoweza kubisha mlango.

5. Tangu sasa, sanduku la msaada halitalipa dawa isiyo na karatasi ya munganga. Litalipa njia ya kwenda hospitalini, chakula cha anayemlinda mgonjwa, na vipimo kadiri ya uwezo wetu.

6. Na kama munganga amesema kwamba hakuna tena dawa ya kuponya? Ndipo wauzaji wanapokuja, na ndipo sisi tunapaswa kuwa karibu zaidi. Maumivu yana dawa. Uganda wagonjwa wanapewa morfini ya kunywa nyumbani tangu mwaka 1993. Tuiulize kwa waganga wetu. Tumwogeshe mgonjwa, tuimbe karibu naye, tusimwambie kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

NENO LA MWISHO

Elisha hakuwaambia watu wafumbe macho wale kwa imani. Wala hakumfukuza aliyechuma. Aliagiza unga, akautia, akasema wapewe watu wale. Chungu kile kile kikalisha wote. Kanisa letu ni chungu kile. Tulitia kitu tusichokijua, na dada yetu alikula. Mungu atusamehe. Yeyote mwenye kopo lililofichwa nyumbani, apige kelele leo, tungali na muda.

Maswali ya kujibu katika vikundi:
a) Kwa nini mtu wa Gilgali hakuuliza kabla ya kukatakata?
b) Isaya alifanya nini baada ya kutoa ahadi ya Mungu?
c) Katika kikundi chetu, ni nani anayeugua kimya, na nani atakwenda kumwona juma hili?

Amina.