Tawi la pili lisubiri

Swali: Ninaoka mikate Morogoro. Wateja wanaongezeka, ila naamka saa tisa usiku kila siku, na zahanati wameniambia presha imepanda. Nichukue mkopo nifungue tawi Dodoma?

Jibu: Ndugu yangu, bado. Anza na presha. Vipimo vya siku tofauti vikionyesha 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu, hata kama unajisikia mzima. Rudi kwa daktari wiki hii.

Sasa tanuri. Nahisi kinachokuamsha saa tisa ni kwamba vipimo vya unga, hamira na chumvi viko kichwani mwako peke yako. Viandike kwa gramu, vibandike ukutani, mfundishe kijana mmoja mpaka akande na kuoka bila kukupigia simu. Siku utakapopumzika wiki nzima na wateja wasionje tofauti, hapo utakuwa na biashara inayoweza kuzaa tawi. Kabla ya hapo, Dodoma itakuongezea usiku mwingine wa kukesha, safari hii ukiwa na deni.

Tafuta pia mshauri: mwokaji mwenye matawi, wa mji mwingine, asiyekuona mshindani. Mpelekee daftari la mauzo, si maelezo ya mdomo. SIDO nao, tangu 1973, wanahudumia viwanda vidogo, wapigie hodi.

Na hilo tawi unalitakia nini hasa? Kama ni ada za watoto, piga hesabu kwanza. Huenda tanuri hilohilo, ukiongeza skonsi za asubuhi, likatosha kabisa.