ANKARA NI SHAHIDI WA HAKI YAKO
Somo kwa vijana wetu wanaoyauzia makampuni ya Marekani

Kuuza kwa niaba ya mtu mwingine na kupokea ujira wa mauzo si kazi ngeni kwa watu wa pwani hii. Dalali twamjua tangu zamani. Husimama baina ya mwenye mali na mnunuzi, na mali yenyewe iko mbele ya macho yao wote. Shughuli ikiisha hutiwa chake mkononi kabla watu hawajaachana. Hii leo udalali umepata sura nyingine. Kijana hukaa nyumbani kwake Mombasa, Malindi au Lamu, akazungumza kwa simu na kompyuta na wanunuzi walioko Marekani, kwa niaba ya kampuni iliyoko huko huko Marekani. Mwenye kampuni hajapata kumwona uso kwa uso, bidhaa hajaishika, wala hapakuwa na mtu wa tatu aliyeshuhudia. Si mwajiriwa, ni dalali wa kujitegemea kwa mkataba. Mshahara hana, ana asilimia yake tu katika kila anachokiuza.

Basi suala la somo hili ni moja: haki ya mtu huyu imesimama juu ya nini? Sisi twasema kwamba imesimama juu ya karatasi mbili, nazo ni mkataba na ankara. Na twasema zaidi ya hayo, kwamba mara nyingi ujira wa vijana wetu haupotei kwa kudhulumiwa. Hupotea kwa kuona muhali.

Muhali ni jambo tulilolelewa nalo. Kwetu sisi, mtu uliyezungumza naye vizuri, akakusifu na kukuulizia hali ya wazee wako, ni vigumu kumwandikia kesho yake ukamwambia, "Nakudai." Twaona ni utovu wa adabu. Twangoja akumbuke mwenyewe. Lakini katika makampuni ya Marekani anayekusifu siye anayekulipa. Anayelipa ni karani wa hesabu, mtu asiyekujua jina wala sauti, na kazi yake ni kulipa kila deni lililoletewa ankara. Deni lisilo na ankara, kwake yeye halipo. Wala hakasiriki akiletewa. Hukasirika akiletewa baada ya kwisha kufunga hesabu za mwezi. Kwa hivyo anayeona haya kupeleka ankara hamstahi mtu yeyote. Anajinyima haki yake na kumtia mwenziwe katika taabu.

Wala jambo hili si la Kizungu peke yake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul-Baqara, ni aya ya kuandikiana madeni. Ingekuwa kuandika ni dalili ya kutoaminiana, tusingaliamrishwa.

Sasa na tutazame mambo yenyewe, moja baada ya jingine.

JAMBO LA KWANZA: NI LINI UJIRA HUWA HAKI?

Neno "mauzo" lina maana zaidi ya moja, na ugomvi mwingi huingia kwa mlango huu. Tuchukue mfano wa kijana aliyeahidiwa asilimia 10. Katika mwezi wa Januari alipata wanunuzi watatu. Wa kwanza alitia saini kwa dola 4,000, akalipa zote. Wa pili alitia saini kwa dola 6,000, akalipa nusu. Wa tatu alitia saini kwa dola 5,000, kisha akavunja kabla hajalipa kitu. Je, kijana anadai ngapi? Ikiwa ujira huwa haki kwa saini ya mnunuzi, mauzo ni dola 15,000, na yeye ana dola 1,500. Ikiwa huwa haki kwa fedha iliyoingia, fedha ni dola 7,000, na yeye ana dola 700. Tofauti ni dola 800, na hapo hapana aliyesema uongo. Kila mmoja amelifahamu neno kwa namna yake.

Basi kabla ya kupiga simu ya kwanza, yaandikwe mambo haya katika mkataba: ujira huwa haki lini; hesabu yake ni juu ya bei yote au juu ya fedha iliyopokewa; mnunuzi akirudishiwa fedha zake, dalali naye hurudisha, na mpaka muda gani; na mkataba ukivunjika, nani ana haki ya mauzo yaliyokwisha anzwa lakini hayajakamilika. Hili la mwisho husahauliwa sana. Mtu huachishwa kazi leo, na wanunuzi aliowatengeneza kwa miezi mitatu wakatia saini wiki ijayo.

JAMBO LA PILI: YANAYOANDIKWA KATIKA ANKARA

Kanuni yetu ni hii: ankara iandikwe hata mgeni asiyejua lolote aweze kuilipa bila ya kuuliza swali. Kila swali analouliza karani ni siku kadhaa za kungoja.

Iwe na jina lako kamili na anwani yako, na jina la kampuni kama lilivyo katika mkataba. Iwe na namba yake, na namba zifuatane, usirukie wala usirudie. Iwe na tarehe ya kuandikwa na tarehe ya mwisho ya kulipwa. Kisha itajwe kazi yenyewe, mnunuzi mmoja mmoja: fedha iliyoingia kwake, asilimia, na ujira wake. Katika mfano wetu, ikiwa mkataba ni wa fedha iliyoingia, kijana ataandika mnunuzi wa kwanza dola 4,000, ujira dola 400. Wa pili dola 3,000, ujira dola 300. Jumla dola 700. Asiandike tu "ujira wa Januari, dola 700". Maneno hayo yanadai, lakini hayathibitishi. Na mnunuzi wa zamani akirudishiwa fedha kwa mujibu wa mkataba, dalali aipunguze fedha hiyo kwa mkono wake katika ankara inayofuata, wala asingoje kugunduliwa. Uaminifu huo ndio unaoipa nguvu ankara yake siku atakapobishana.

Katika tarehe pana mtego. Sisi huanza na siku kisha mwezi. Wamarekani huanza na mwezi kisha siku. Ukiandika 3/4/2025 kwa kukusudia tarehe 3 Aprili, karani wa Chicago atasoma 4 Machi. Mwezi uandikwe kwa jina lake, na shaka itaondoka.

JAMBO LA TATU: MUDA WA KULIPA

Katika mikataba ya Marekani mtaona mara nyingi maneno Net 30. Maana yake ni kwamba ankara italipwa katika siku 30, na kwa kawaida siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya ankara, si tangu siku ya kazi. Angalieni basi: aliyemaliza kazi tarehe 31 Januari, na kwa uvivu au muhali akaandika ankara tarehe 20 Februari, amejiongezea mwenyewe siku 20 za kungoja. Ankara na ipelekwe siku ile ile haki inapothibiti.

Katika ankara za kunakili, zilizotengenezwa na wengine, huwamo pia sharti la kwamba mlipaji akichelewa ataongezewa asilimia kadhaa kwa kila mwezi. Wengi huliacha kwa kuwa hawakulisoma. Sisi twawaambia ndugu zetu walifute. Nyongeza juu ya deni kwa sababu ya kucheleweshwa ni riba, na haigeuki kuwa halali kwa kuwa ankara imeandikwa kwa Kiingereza. Na ziko njia nyingine za kujilinda: kuomba sehemu ya fedha kabla ya kazi, kufupisha muda uwe siku 7 au 15 badala ya 30, na kuandika katika mkataba kwamba ankara isipolipwa kwa wakati, kazi itasimama. Hiyo ya mwisho yatosha kumwamsha mtu aliyelala.

JAMBO LA NNE: KARATASI ZA KODI

Kabla ya malipo ya kwanza, kampuni ya Marekani humtaka dalali karatasi ya kodi. Hapa yapasa kuwa macho. Karatasi iitwayo W-9 ni ya raia wa Marekani na wanaohesabiwa kuwa wakaazi wake katika kodi. Mgeni anayeishi Kenya huijaza W-8BEN, na ikiwa amefungua kampuni, basi ni W-8BEN-E. Pengine karani, kwa mazoea tu, humpelekea kila mtu W-9. Usiitie saini. Zote mbili husainiwa chini ya onyo la adhabu ya kusema uongo, na kuapa kwamba wewe ni mtu wa Marekani ilhali sivyo ni ushahidi wa uongo, hata kama umepelekewa na mwenye kampuni mwenyewe. Mwandikie kwa upole, umwambie wewe ni mgeni na kazi yako waifanyia Kenya, kisha umpelekee iliyo yako.

W-8BEN hukaa kwa kampuni. Haipelekwi kwa idara ya kodi ya Marekani. Iliyotiwa saini mwaka 2025 hufaa mpaka 31 Desemba 2028, illa hali ya mwenyewe ikibadilika kabla ya hapo. Faida yake ni kubwa. Kwa sheria ya Marekani, ujira wa kazi ya mtu huhesabiwa kuwa umetoka mahali ilipofanywa kazi. Aliyekaa Mombasa akauza kwa simu, ujira wake haukutoka Marekani, na ile asilimia 30 wanayozuiliwa wageni katika mapato ya Marekani haimhusu. Lakini akisafiri akaenda kuuza akiwa huko huko, hukumu hubadilika, na atake shauri la mjuzi kabla hajapanda ndege.

Kutokatwa kodi huko si kusamehewa kodi hapa. Mkaazi wa Kenya anayefanya kazi hii ana wajibu wake kwa KRA: awe na namba ya PIN, na hesabu ya mwaka aipeleke kabla ya kupita 30 Juni ya mwaka unaofuata. Aulize pia jinsi ule mtambo wa ankara wa eTIMS unavyomhusu. Daftari la ankara zenye namba zinazofuatana ndilo litakalomtetea huko pia.

JAMBO LA TANO: NJIA YA FEDHA

Namna ya kulipwa iandikwe ndani ya ankara, wala isiachiwe barua nyingine. Fedha ikija benki kwa benki kwa njia ya SWIFT, benki zilizo katikati huweza kukata chao, na dola 700 zikafika pungufu. Basi mkataba useme makato hayo ni juu ya nani. Wako pia wanaopokea kwa Payoneer, iliyoanzishwa mwaka 2005, na wanaopokea kwa PayPal, ambayo tangu mwaka 2018 fedha zake zaweza kutolewa kwa M-Pesa. Kila njia ina makato yake na bei yake ya kubadilisha dola kwa shilingi. Mtu azilinganishe zote mbili, kwani iliyo rahisi katika makato huenda ikawa ghali katika bei.

Jambo moja tunalikataza. Usipokee ujira wako kwa jina la jamaa aliyeko Marekani kwa kutaka wepesi. Kampuni itaandika kwamba yeye ndiye aliyelipwa, na mwisho wa mwaka kodi ataulizwa yeye. Amekufanyia wema, nawe umemtwika mzigo.

JAMBO LA SITA: ASIPOLIPA

Siku ya mwisho ikipita, andika kesho yake. Taja namba ya ankara, tarehe na jumla, uulize kama ina upungufu wowote. Usilaumu wala usijidhalilishe. Wiki moja ikipita, piga simu kwa karani wa hesabu mwenyewe. Ofisi ya New York inayofunguliwa saa tatu asubuhi kwa saa zao, kwetu huwa ni saa kumi jioni katika miezi ya joto lao, na saa kumi na moja katika miezi ya baridi yao. Kisha simamisha kazi kama mlivyoandikiana.

Wala mtu asijitie moyo kwa kusikia kwamba Marekani zipo sheria za kuwalinda wafanyao kazi kwa kujitegemea. Mji wa New York una sheria kama hiyo tangu 2017, na jimbo lake tangu Agosti 2024. Lakini zote mbili zimewatoa mawakala wa mauzo. Na hata mwenye haki mahakamani, safari ya kuifuata ng'ambo ya bahari ni ndefu na ghali kuliko dola 700. Ulinzi wako ni ule ulioutengeneza kabla: mkataba ulio wazi, ankara kwa wakati wake, na kutoliacha deni la mtu mmoja likarundikana mwezi juu ya mwezi.

Ndugu zetu, stahi ni pambo la watu wa pwani, wala hatusemi iachwe. Twasema ikae mahali pake. Mzungumze na mteja wako kwa ulimi mtamu kadiri uwezavyo. Lakini kazi ikiisha, kaa chini uandike. Aliyesema kwa upole na akaandika kwa uwazi hakumkosea mtu adabu, na haki yake haikupotea.

Wabillahi tawfiq.