Mtafutie Huzuni Yako Mbebaji: Mwongozo kwa Mshairi wa Goma

Panda jukwaani hapa Goma useme "nimechoka na maisha": kesho shangazi anapiga simu, mchungaji anakuja kukuombea, na vijana wa mtaa wamekupa jina. Ndiyo maana washairi humbuni mtu wa kusema kwa niaba yao. Mmarekani John Berryman alimbuni Henry, akamwandikia mamia ya mashairi. Juzuu la kwanza likampa tuzo ya Pulitzer mwaka 1965. Huku kwetu Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972, aliandika Sauti ya Dhiki gerezani kwa siri, na humo dhiki yake inapitia hata kwa mamba na jipu.

Hatua ya kwanza: anza na kazi yake, si huzuni yake. Tuseme ni kijana wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Anashuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, goti moja juu ya ubao, mguu mwingine tayari kukanyaga breki ya kipande cha tairi. Kushuka, chukudu inambeba. Kurudi, yeye ndiye anayeisukuma. Mjini anapita chini ya ile sanamu ya dhahabu ya mwendesha chukudu, haiangalii. Umeshasema mengi, na neno huzuni hujalitaja. Usilitaje.

Pili, jina. Lisiwe la jirani wala la binamu. Na usimwite Furaha eti kwa kejeli. Mzaha huo ni mwepesi mno.

Tatu, mpe jambo moja lako la kweli, mengine yote yabadilishe. Kama wewe hulali tangu lava ya Mei 2021, au tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Januari 2025, yeye asilale pia, ila kwa sababu nyingine. Onyesha mwili: fufu inapoa mbele yake, simu inaita mkononi na hapokei.

Nne, na hapa ndipo wengi wanapokwama: mtafutie mtu wa kumbishia. Akilia peke yake mwanzo hadi mwisho, wasikilizaji watachoka kabla yake. Henry ana rafiki anayemjibu. Jaribu hivi, kijana wetu tumwite Baraka:

"Baraka, amka, mzigo uko Kibumba."
"Uache huko. Hata mlima umelala."
"Mlima? Tangu lini ukaamini usingizi wake?"

Mstari wa tatu ndio unaobeba shairi. Rafiki hahubiri wala hampi pole. Anamtania, na kila mtu wa Goma anajua Nyiragongo, mlima wetu wa volkeno, ni wa kuogopwa hata ukinyamaza.

Tano, lisome kwa sauti mbele ya mtu mmoja unayemwamini kabla ya kulipeleka kwenye slam. Akikuuliza "huyu ni wewe?", huna deni la kumjibu.

Mwisho, jichunge. Henry hakumwokoa Berryman, aliyejiua mwaka 1972. Mtu wako akianza kupanga kufa, na ukahisi mpango huo ni wako, weka kalamu chini, mwambie mtu leo hii. Kituo cha Tulizo Letu kiko hapa hapa Goma na kinahudumia wagonjwa wa afya ya akili. Nenda, au mwombe mwenzako akusindikize.